Matembezi, mazoezi, karakana au simu? Namna ya kumchagulia mzee kikundi

Baba yangu alikwenda darasa la mazoezi ya wazee mara mbili. Wiki ya tatu alisema goti linamsumbua. Ya nne, hakulala vizuri. Ya tano nikaenda naye mwenyewe, nikakaa kwenye benchi la nyuma nione kuna nini.

Ukumbi ulikuwa mkubwa, dari iko juu, mwangwi kila kona. Muziki umefunguliwa kwa nguvu. Wazee wamepangwa safu safu kama gwaride, na mwalimu, kijana mchangamfu kwelikweli, anatoa maelekezo huku amewapa mgongo. Baba anatumia kifaa cha kusaidia kusikia. Kifaa hicho hakichagui: kinakuza muziki, kinakuza mwangwi, kinakuza viti vinavyoburutwa, na sauti ya mwalimu inazama humo humo. Kwa hiyo baba alikuwa akimtazama mtu wa safu ya mbele na kumwiga, kila mara amechelewa kidogo. Wenzake wanashusha mkono, yeye ndiyo kwanza anaupandisha. Saa ilipoisha kila mtu alichukua mfuko wake akaondoka. Hakuna hata mmoja aliyemwuliza, "Mzee, wiki mbili hizi ulikuwa wapi?"

Goti lilikuwa zima. Siku hizi anakwenda karakana ya wazee, mahali pa kutengeneza vitu pamoja, mara mbili kwa wiki, na goti ni lile lile.

Tangu hapo nimekuwa mtu wa kulinganisha. Nimetembelea vikundi, nimesoma, nimewauliza watu maswali hadi wakanichoka. Sitakwambia kuna kimoja kinachowafaa wote, ingawa nina ninavyovipendelea waziwazi na nitasema kwa nini. Kabla ya kutazama aina za vikundi, jiulize mambo mawili: mzee huyu amepungukiwa na nini, na asipofika ni nani atakayeona?

Yupo aliyepungukiwa na nguvu za mwili. Yupo aliyepungukiwa na watu. Na yupo, ambaye husahaulika sana, aliyepungukiwa na kazi. Hana sababu ya kuvaa viatu asubuhi. Matangazo ya vikundi vingi huahidi kuyaponya yote matatu. Nilichokiona mimi ni kwamba kila kikundi kina jambo moja kinalolifanya vizuri, na mengine yanatokea kwa bahati tu.

Kutembea kwa kikundi, au darasa la mazoezi?

Hapa ndipo watu hukosea zaidi, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unawataka watu wa miaka 65 na kuendelea wapate dakika 150 hadi 300 kwa wiki za shughuli ya wastani, ile inayokupandisha pumzi lakini bado unaweza kuongea. Kutembea kwa mwendo wa haraka kunatosha kabisa kwa hilo. Lakini mwongozo huohuo una kipengele kingine ambacho wengi hukiruka: siku tatu au zaidi kwa wiki, mazoezi ya nguvu na ya kusimama imara, ili mtu asianguke.

Hivyo ni vitu viwili, na kimoja hakishiki nafasi ya kingine. Mwaka 2019 watafiti wa Cochrane, mtandao wa kimataifa wa kuchambua tafiti za afya, walichambua majaribio 108 yenye watu zaidi ya 23,000 wanaoishi majumbani mwao. Wakakuta mazoezi yanapunguza kuanguka kwa takriban asilimia 23. Pale mazoezi ya kusimama imara yalipochanganywa na ya kutia misuli nguvu, punguzo lilifika kiasi cha theluthi moja. Tai chi, yale mazoezi ya Kichina ya mwendo wa polepole, nayo ilisaidia, karibu asilimia 19. Kutembea peke yake hakukuonyesha faida ya uhakika. Ukifikiri kidogo utaona ni kwa nini. Mtu anaweza kutembea kilomita tatu kila asubuhi kwa miaka kumi na bado akaanguka bafuni, maana bafuni hatembei. Anageuka, anainama kuokota sabuni, anasimama kwa mguu mmoja akivaa suruali.

Basi kama mzee wako ameshaanguka mwaka huu, au umemwona anagusa ukuta na migongo ya viti anapopita sebuleni, darasa litangulie. Ila si darasa lolote. Kaa nyuma kama nilivyokaa mimi, utazame. Je, kila mtu ana kitu cha kushika karibu naye? Mwalimu anauliza nani amewahi kuanguka, nani anatumia dawa za presha, nani amefanyiwa upasuaji wa nyonga? Wanafanya kazi ya miguu kweli, kuinuka kwenye kiti bila kujisukuma kwa mikono, kutembea kisigino kikigusa vidole, kusimama kwa mguu mmoja, au ni kupunga mikono tu wakiwa wameketi? Na je, baada ya wiki kadhaa zoezi linakuwa gumu zaidi? Zoezi la kusimama imara lisiloongezwa ugumu ni burudani. Si vibaya, lakini lisiitwe kinga.

Kwa upande wa watu, matembezi yanalishinda darasa kwa mbali. Watu wawili wanaotembea sambamba hawatazamani, na jambo zito hutoka kirahisi kinywani mwa mtu asiyetazamwa. Wakinyamaza, ukimya hauna aibu; mnatembea. Kwa mwenye usikivu hafifu, njia iliyotulia haina mwangwi, na sauti anayohitaji ni moja tu, iko ubavuni mwake. Darasani unamkuta mwalimu. Njiani unakuta mwenzako.

Kasoro ya matembezi ni mwendo. Kikundi hujigawa chenyewe bila mtu kukusudia: wepesi mbele wakiongea, wazito nyuma wakihema, na mmoja wa mwisho kabisa anayejisemea moyoni kwamba kesho haji. Nimependa wanavyolitatua hili waandaaji wa parkrun, matembezi na mbio za kilomita 5 za kila Jumamosi zilizoanzia bustani ya Bushy Park, London, mwaka 2004 na sasa ziko nchi nyingi. Kila tukio lina mtu wa kujitolea ambaye kazi yake ni kuwa wa mwisho. Hata uwe mzito vipi, kuna aliye nyuma yako, tena amewekwa hapo makusudi. Kikundi unachokifikiria kisipokuwa na mtu wa namna hiyo, waulize kwa nini. Majibu yao yatakueleza mengi.

Kuna njia ya katikati ambayo Wajapani wanaifanya tangu 1928: mazoezi ya viungo yanayorushwa redioni. Hata leo NHK, shirika la utangazaji la umma la huko, huyarusha saa kumi na mbili na nusu asubuhi, dakika chache tu, na wazee hukusanyika bustanini kuyafanya pamoja. Hayaumizi, mtu hujifunza mara moja yakabaki kichwani. Nguvu yake, nadhani, haiko kwenye mazoezi yenyewe. Iko kwenye saa isiyobadilika, mahali pasipobadilika, na sura zilezile. Ukikosekana, pengo linaonekana. Kikundi cha jirani chenye redio moja kinaweza kuiga hilo bila kuomba ruhusa kwa mtu.

Karakana au darasa la kujifunza?

Karakana za wanaume zilianza kuenea Australia miaka ya 1990, na leo nchi hiyo pekee ina zaidi ya elfu moja. Ireland, Uingereza na kwingineko wamezifuata. Ndani kuna meza ndefu, mbao, vyuma, baiskeli mbovu, redio zilizokufa. Wanaotumia wazo hili husema kwamba wanaume hawaongei uso kwa uso, huongea bega kwa bega. Ni kauli ya jumla mno, nawajua wanaume wasiokaa kimya hata usingizini, lakini kwa baba yangu ilikuwa kweli tupu. Mwanamume aliyefanya kazi miaka arobaini akistaafu hapotezi mshahara tu. Anapoteza watu aliokuwa akionana nao bila kupanga. Hawezi kumpigia simu mwenzake wa zamani na kusema nimekukumbuka, njoo tukae. Lakini anaweza kabisa kumwambia, shika ubao huu upande wa pili.

Mara ya kwanza kwenda, baba hakusema neno kwa karibu saa nzima. Walimpa kigoda cha mtoto kilichovunjika mguu. Alikipindua, akakigonga kwa kidole, akaomba msasa. Mzee mmoja jirani yake akamwambia msasa alioushika ni wa mwisho mwisho, aanze na ule mkwaruzo zaidi. Wakabishana. Wiki iliyofuata baba alikuwa na mafua, akabaki nyumbani. Saa tatu na robo simu ikalia: "Kigoda chako kiko mezani na kinachukua nafasi. Unakuja au nikimalizie?"

Hilo ndilo jibu la swali langu la pili.

Lakini tuzitazame na kasoro zake. Karakana nyingi zimejengwa kwa ajili ya wanaume, na mwanamke anayependa randa na nyundo anaweza kupokelewa kama mgeni, uliza mapema. Mikono inayotetemeka na mashine za kukata haviendi pamoja, hivyo uliza pia nani anasimamia usalama. Na kwa mwili, karakana haitoshi. Kusimama mezani saa mbili si mazoezi ya moyo.

Darasa la kujifunza lina historia ya kuvutia zaidi. Chuo Kikuu cha Umri wa Tatu kilianzishwa Toulouse, Ufaransa, mwaka 1973 na Profesa Pierre Vellas: wazee wakaingia chuoni kusikiliza wahadhiri. Wazo lilipofika Uingereza mwanzoni mwa miaka ya 1980 likageuzwa. Huko hakuna mhadhiri wa kutoka nje. Wanachama hufundishana wenyewe. Aliyekuwa fundi umeme anafundisha umeme, aliyekuwa mkunga anaeleza historia ya uzazi, na kesho wanabadilishana viti. Hakuna mtihani, hakuna cheti.

Tofauti hii ni kubwa kuliko inavyoonekana. Ukikaa kwenye mhadhara wa Kifaransa umekaa kwenye umati, unaingia na kutoka bila mtu kujua jina lako. Kwa mzee anayependa elimu lakini hataki kusumbuliwa, hilo ni zuri sana. Kwa aliyepungukiwa na watu, mfumo wa Kiingereza unamfaa zaidi, maana kikundi cha watu wanane kinachokutana nyumbani kwa mmoja wao hakiwezi kukukosa kisijue. Hatari yake iko upande wa pili: wasomi kwa wasomi. Aliyeacha shule mapema anaweza kujiona mdogo hata kama hakuna aliyemdharau. Mtafutie kikundi ambamo yeye ndiye anayejua kitu, iwe kushona, kilimo cha bustani, au nyimbo za zamani.

Kuhudumiwa au kuhudumia

Vituo vya mchana, ambavyo mzee hupelekwa asubuhi na kurudishwa jioni, vina sifa ya kuchosha na mara nyingine inastahili. Televisheni ukutani, watu wamesinzia. Hata hivyo kwa mwenye kupoteza kumbukumbu, au ambaye hawezi kuachwa peke yake, kituo kizuri hakina mbadala, na kinampa anayemtunza nyumbani saa chache za kupumua. Nikikikagua, natazama jambo moja tu: wafanyakazi wameketi wapi. Wakiwa wameketi pamoja na wazee, nabaki. Wakiwa wamesimama mlangoni wakiongea wao kwa wao, naaga.

Kwa mzee mwenye akili timamu na miguu inayobeba, mimi napendelea upande wa pili wa meza. Ampe mtu kitu.

Mfano ninaoupenda kuliko yote unatoka Zimbabwe. Mwaka 2006 daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianza na mabibi 14 katika kitongoji cha Mbare, Harare. Walifundishwa namna ya kumsikiliza mtu na kumsaidia kulipangua tatizo lake hatua kwa hatua, kisha wakawekewa mabenchi ya mbao nje ya zahanati. Wanaokuja wana kile ambacho Washona hukiita kufungisisa, kufikiri kupita kiasi. Jaribio lililochapishwa mwaka 2016 lilionyesha kwamba waliokaa kwenye benchi hilo walipata nafuu zaidi kuliko waliopata huduma ya kawaida. Watu husimulia habari hii kama habari ya wagonjwa. Mimi husoma na ya mabibi wenyewe: wanawake wazee ambao wana mahali pa kuwa, watu wanaowangoja, na ujuzi uliotambuliwa rasmi kuwa ni ujuzi.

Marekani kulianzishwa Experience Corps, mpango uliowapeleka watu wazima wenye umri mkubwa katika shule za msingi kuwasaidia watoto kusoma. Katika mpango wa Baltimore, waliojiunga walitakiwa kuwa na miaka 60 au zaidi na kutoa angalau saa 15 kwa wiki, na walipelekwa kwa timu, si mmoja mmoja. Waliopanga hivyo walijua wanachofanya. Mzee mmoja aliyetupwa katika shule yenye watoto mia sita ni mgeni. Wazee kumi na watano ni kikundi, na kupanda ngazi na kuzunguka madarasani kunawapa mazoezi ambayo wasingeyafanya kwa kuambiwa.

Saa 15 lakini ni kazi. Usimpeleke huko bibi ambaye tayari analea wajukuu watatu. Huyo anahitaji mahali pa kukaa akahudumiwa yeye. Na mwenye majonzi mabichi, aliyefiwa na mwenzi wake miezi michache iliyopita, asikimbizwe kwenye kujitolea kwa hoja kwamba atasahau.

Kwa huyo wa mwisho kuna jambo jingine la kuzingatia. Kuwa peke yake na kuwa mpweke si kitu kimoja. Wapo wanaoishi peke yao kwa raha, na wapo wapweke katika nyumba yenye watu tisa. Uchambuzi wa tafiti uliochapishwa mwaka 2011 ulikuta kwamba kuwakutanisha watu tu hakupunguzi upweke sana. Kulikofanya vizuri zaidi ni kumsaidia mtu kuzigeuza fikra zinazomwambia kwamba hatakiwi, kwamba anasumbua, kwamba watu wanamvumilia tu. Kwa hiyo mzee anayerudi kutoka kila kikundi akisema "wale hawanitaki" huenda hahitaji kikundi cha sita. Anahitaji kwanza mtu mmoja wa kuongea naye kwa utulivu, mshauri nasaha au mtu aliyefundishwa kama wale mabibi.

Kwa asiyeweza kutoka

Hapa uchaguzi ni mwembamba. Uingereza ilizindua mwaka 2013 Silver Line, simu ya bure ya wazee iliyopokewa mchana na usiku. Simu ya namna hiyo ni nzuri kwa saa nane usiku, wakati ambapo watoto huwezi kuwaamsha. Ninachokipenda zaidi ni simu ya kupangwa: mtu yuleyule, siku ileile, saa ileile. Simu ya dharura hukuokoa. Simu ya kila Jumatano hukupa kitu cha kungoja, na usipoipokea kuna anayejua.

Mawasiliano ya video hufanya kazi pale mzee alipofundishwa na mtu mvumilivu na simu ikaachwa kama ilivyo. Kila mjukuu anayekuja kuibadilisha mipangilio anarudisha kazi nyuma.

Na kuna wazo la kuwaleta watu nyumbani kwa wazee badala ya kinyume chake. Katika nyumba ya wazee ya Humanitas, mji wa Deventer nchini Uholanzi, wanafunzi wa chuo huishi bila kulipa kodi kwa masharti kwamba watumie saa 30 kwa mwezi kuwa majirani wema. Si wauguzi. Wanakaa, wanapiga soga, wanafundishana kompyuta. Huwezi kukijenga hicho wiki ijayo, lakini kijana mmoja anayehitaji chumba na mzee mmoja mwenye chumba kitupu wanaweza kupatana hata leo, mradi masharti yaandikwe.

Ukibahatika kupata mseto

Vietnam wana vilabu ambavyo, kwa maoni yangu, vimelipata jambo hili kuliko wengine. Vilianza kusambaa miaka ya 2000 kwa msaada wa HelpAge, mtandao wa kimataifa wa mashirika ya wazee. Kila kimoja huwa na wanachama kati ya 50 na 70, wengi wakiwa wazee na wanawake, na vijana wachache ndani yake. Klabu moja inafanya mazoezi, inapima afya, inakopesha wanachama fedha za miradi midogo, na inatuma watu kumtembelea mwanachama aliyelala kitandani. Mwili, watu na kazi, chini ya paa moja. Anayekuja kwa ajili ya mkopo anajikuta akinyoosha mabega. Aliyekuja kunyoosha mabega anajikuta mweka hazina. Kama kwenu kuna kikundi cha kuweka na kukopa chenye wazee, usianzishe kingine. Waombe waongeze dakika ishirini za mazoezi mwanzoni mwa mkutano.

Kabla ya kuandikisha

Kwanza, usimwandikishe bila yeye kujua. Nimeona watoto wakifanya hivyo kwa upendo, mzee akaenda kwa hasira.

Nenda ukapaone. Uliza choo kiko wapi na hesabu hatua. Wazee wengi hukataa kutoka kwa sababu hiyo na hawatakutajia, watakwambia goti. Tazama ngazi, na kama zina kishikio. Uliza wanamaliza saa ngapi, kisha fikiria safari ya kurudi saa hiyo, si ya kwenda. Kama usikivu ni hafifu, chagua chumba kidogo chenye zulia na mapazia kuliko ukumbi mzuri. Na kama anasema haelewi watu wanasema nini, masikio yapimwe kabla ya kujaribu kikundi chochote. Usikivu uliopotea bila kutibiwa ni miongoni mwa mambo 14 yanayoongeza hatari ya kupoteza kumbukumbu ambayo jopo la jarida la kitabibu la Lancet liliyaorodhesha mwaka 2024, pamoja na kutofanya mazoezi na kutengwa na watu.

Ukilazimika kuchagua viwili tu, chukua kimoja cha miguu na kimoja cha mikono: darasa la kusimama imara, hata likiwa halina maongezi, na mahali pengine penye kazi na watu. Baba amerudi darasani, jingine, dogo, lenye viti vya duara. Halipendi. Anakwenda kwa sababu nilimwambia asipokuwa na miguu karakana hatafika.

Mpe kikundi mara tatu. Mara ya kwanza kila mtu ni mgeni na haihesabiki. Baada ya ya tatu, usimwulize kama amefurahi. Atasema ndiyo ili usisumbuke. Mwulize nani alikuwa ameketi karibu naye. Akikutajia jina, au hata akilalamika juu ya mtu kwa jina, mrudishe wiki ijayo. Asipokuwa na jina lolote, tafuta kwingine.